Dirisha Lisilo na Chumba

Nekesa mwanangu,

Umeenda Kimilili kumuaga shangazi yako na sanduku umeliacha wazi kitandani. Sijaligusa. Kukunja nguo unanishinda, na habari ya baridi ya huko umeshaambiwa na kila aliyepita hapa, hata wale ambao hawajawahi kuvuka Eldoret. Kwa hivyo humu hutasoma habari ya sweta. Naandika kwa sababu jana tuliachana vibaya, na kesho nyumba itajaa watu wa kanisa na nyimbo zao, nami sitapata nafasi ya kusema neno bila mtu kuitikia amina.

Jana ulinionyesha kwenye simu picha ya ile nyumba ya Uingereza mtakayofundishiwa kazi ya kukarabati majumba ya zamani. Nyumba ya mawe, pana kama shule ya bweni, chimni zimejipanga juu ya paa, madirisha yamelingana kushoto na kulia. Ukasema, "Mama, ona. Hii yetu ni mtoto wa hii." Nami badala ya kufurahi na wewe nikauliza, "Na hayo madirisha yote yana vyumba nyuma yake?" Ulininyang'anya simu. "Mama, bado tu?"

Bado tu, mwanangu. Wacha nikueleze, kwa sababu mengine uliyaona ukiwa mdogo na mengine hukuyaona, na leo mchana limetokea jambo hapa ambalo hulijui kabisa.

Mimi nilizaliwa Kamukuywa, katika nyumba ya udongo yenye mlango mmoja. Mlango ukilia, unajua nani ametoka. Baba yako aliponiposa, wenzangu sokoni walisema nimebahatika, ati naolewa kwenye jumba la mzungu upande wa Kitale. Siku nilipoletwa nikasimama pale mbele, na kilichonijia kwanza si furaha. Nilishuku. Nyumba ilikuwa imeupa mlima mgongo. Elgon yote ile imekaa pale nyuma, na aliyejenga ameielekezea jikoni na choo, kisha uso wa nyumba akaugeuza kusini, kwenye mahindi ambayo hayana cha kutazamwa. Tena haikuwa na baraza, mvua inagonga mlango moja kwa moja. Ni wewe uliyenifundisha baadaye kwamba yule mzungu aliinakili nyumba ya kwao, na kwamba kwao jua hutafutwa upande wa kusini. Hapa jua linapita utosini, lakini yeye alitaka uso uleule. Siku ile sikuyajua hayo. Nilijiuliza tu, mtu anayeukwepa mlima mzuri hivi anaficha nini?

Ndani nikakuta ngazi mbili. Ile kubwa ya mbao za mtarakwa, inayopanda kutoka ukumbini kwa madaha, na nyuma ya ukuta uleule nyingine nyembamba, ya giza, waliyopitia wafanyakazi na maji na majivu ili mabwana wasiwaone. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa juu nawe umeapa yuko shambani. Bibi yako, Kukhu, alikuwa akitokea nyuma yangu bila kishindo, na mimi nikawa bibi harusi anayetembea akigeuka nyuma.

Halafu ikaja habari ya mimba yako. Nilimwambia baba yako peke yake, chumbani, karibu na pale pa kuwasha moto ukutani. Asubuhi Kukhu akanipokonya ndoo. "Wacha maji hayo, mama. Utaumiza mtoto." Nikamgeukia baba yako.

"Si umemwambia!"

"Sijamwambia mtu, haki ya Mungu."

"Basi ni ukuta umemwambia?"

Sikumsemesha kwa wiki nyingi. Kisha siku moja nimeinama jikoni nachota majivu, nikamsikia baba yako akiongea juu na mdogo wake, wazi kama yuko ndani ya sufuria. "Huyu mama ana hasira ya bure," anasema. Sauti ilikuwa inashuka kwenye chimni. Kumbe ni ukuta kweli uliomwambia Kukhu. Ungedhani nilikimbia kumwomba baba yako msamaha. La. Nilinyamaza, na kuanzia siku hiyo nikawa nachota majivu mara nyingi kuliko yaliyokuwepo.

Ni katika miezi hiyo nilipoliona dirisha. Nilikuwa nje naanika mahindi, nikainua macho. Juu, katikati kabisa ya uso wa nyumba, kuna dirisha lenye fremu ya mawe kama mengine, na vioo vidogo vidogo vya pembe vilivyoshikwa na madini ya risasi, ila vyeusi. Nikaingia ndani, nikapanda, nikatafuta chumba chake. Upande wa mashariki kuna chumba chetu. Upande wa magharibi kuna chumba cha baba yako mdogo, Simiyu. Katikati ni ukuta mnene. Chumba hakuna.

Jioni nikamuuliza baba yako, "Lile dirisha la juu ni la chumba gani?"

"Ni la stoo."

"Stoo iko chini."

Akanywa chai yake. "Mama Nekesa," akasema, hata kabla hujazaliwa alianza kuniita hivyo, "hayo mambo usiyaulize mbele ya mzee."

Kumbe wote walikuwa wameliona. Mzee, yaani Kuka babu yako, alikuwa mmoja wa wale walionunua shamba la yule mzungu kwa pamoja na kuligawana. Wenzake waligombania ekari nyeusi za kule chini. Yeye akachukua kipande chenye nyumba, ambacho nusu yake ni changarawe na miti ya urembo. Watu wakasema mtu na akili zake hawezi kuacha shamba la mahindi achukue ngazi na vioo. Lazima anajua kitu. Lazima mzungu aliacha kitu. Nilimuuliza Kukhu tukiwa wawili. Akaniambia, "Alipenda ile ngazi kubwa. Alipokuwa kijana wa ng'ombe hapa hakuruhusiwa kuikanyaga. Basi." Jibu lilikuwa hilo, na mimi niliondoka pale nikiwaza, huyu mama mkwe ananificha.

Kuka alipofariki, na Kukhu akamfuata, nyumba ikabaki ya ndugu wawili. Wewe ulikuwa tayari unasoma. Unakumbuka jinsi tulivyoigawa. Ngazi kubwa ikawa yetu, ngazi ya nyuma ikawa ya Simiyu, na mlango wa kati huko juu ukapigwa misumari. Hakuna aliyetaja dirisha. Lakini baba yako alikuwa akirudi kutoka shambani anatazama juu kabla ya kuvua gambuti, na nikichungulia namwona Simiyu kwenye kona yake anamtazama anayetazama.

Hapo ndipo alipokuja yule mama mzungu. Wewe ulikuwa darasa la saba. Alikuwa mzee, ana fimbo, kaletwa na dereva wa teksi kutoka mjini Kitale, na kwenye mkoba ana picha. Alisema mama yake alizaliwa humu ndani. Tulimkaribisha chai, tukampa na maandazi, lakini juu hatukumpandisha. Simiyu alininong'oneza mlangoni, "Shemeji, huyu amekuja kurudisha shamba. Akiomba kuona karatasi, sema zimeliwa na mchwa." Na mimi nilikuwa nimeshazificha kwenye pipa la unga.

Hakuomba karatasi. Alitoa picha ya ile nyumba ya kwao, kubwa mara nyingi kuliko hii, akatuonyesha kwa kidole: mlango wa mbele huu hapa, ngazi hii hapa, chimni hizi hapa, babu yangu alitaka zote. Kisha akatoka nje, akainua uso, akaliona dirisha. Akacheka. Kile kicheko, Nekesa, kilikuwa cha mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Sisi tulikisikia kuwa cha mtu aliyekuta mali yake haijaguswa.

Baba yako akakusukuma mbele. "Muulize anacheka nini."

Uliuliza. Ukatueleza, na bado nakuona ulivyosimama na sare yako ya shule. "Anasema si dirisha. Ni la urembo tu. Nyuma yake ndiko chimni mbili zinapitia, sasa ukuta ungekaa mtupu katikati na nyumba ingeonekana imekosa jicho. Wakaweka la uongo ili safu ya madirisha isikatike. Anasema hata kwao liko."

"Nani hujenga dirisha la uongo?" Simiyu akasema. "Ati mtu anunue vioo, anunue risasi, aweke mawe, ili adanganye nani?"

"Adanganye macho," ulimjibu.

"Ehe! Si amekubali ni udanganyifu?"

Simiyu alisikia Kiingereza vizuri kuliko wewe. Hakuhitaji kutafsiriwa. Alichokikataa ni udogo wa lile jibu. Na baba yako pia. Na mimi pia, usidhani nilikuwa na hekima yoyote. Nilimsindikiza yule mama hadi kwenye gari huku nachunguza mkoba wake kama umenenepa.

Jumapili iliyofuata Simiyu akasema ana malaria, haji kanisani. Tuliporudi tulisikia vishindo tukiwa bado barabarani. Baba yako akakimbia na suti yake, akapanda ngazi. Nilishukuru moyoni, nikasema sasa anaenda kumzuia ndugu yake. Nikapanda nyuma yake, nikamkuta amevua koti, ameshika mtaimbo, ametupa meza yangu kando, anabomoa ukuta kutoka upande wetu.

"Baba Nekesa! Unafanya nini?"

"Akifika kabla yangu je?"

Wewe ulisimama juu ya ngazi unalia, "Ni chimni! Mnabomoa chimni!" Ndugu wawili watu wazima, mmoja mashariki na mwingine magharibi, kila mmoja anasikia nyundo ya mwenzake na anaongeza kasi. Matofali yakashuka, masizi yakatufunika hata Biblia yangu ikawa nyeusi. Ilipofika jioni kila mmoja alikuwa na shimo la kuingiza kichwa, na ndani ya shimo kuna giza na masizi. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake shimo lake.

Mvua za wiki hiyo ndizo zilizomaliza kazi. Ile chimni ndefu ilikuwa imeondolewa mahali pa kusimama. Ilianguka mchana, ikatoboa vigae, ikaingia chumbani kwa Simiyu na yeye akiwa ndani. Baba yako aliupiga teke ule mlango wa misumari mara moja tu, ukafunguka. Alimtoa mgongoni kwa ile ngazi ya wafanyakazi. Hilo uliliona. Ulishika taa.

Ambalo hukuliona ni la hospitali huko Kitale. Mguu wa Simiyu umefungwa, daktari ameshasema hautarudi kama ulivyokuwa. Baba yako amekaa kando ya kitanda, macho mekundu, amemshika mkono. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha. Ndipo Simiyu akasema polepole, "Wafula. Upande wako ulipata nini?"

"Masizi."

"Masizi tu?"

"Masizi na matofali. Wewe?"

"Masizi."

Wakatazamana. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya uji, na niliona vizuri kabisa. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Baba yako aliuachia ule mkono.

Mengine unayajua. Simiyu alihamia Lwakhakha, akaanza kuuza viatu vinavyovuka mpaka. Alipofungua duka, baba yako akauliza, "Mtaji ametoa wapi?" Tuliponunua ng'ombe wa gredi, tukasikia Simiyu kauliza hivyohivyo. Baba yako amekufa na swali hilo mdomoni. Siku ya mazishi Simiyu alisimama nyuma na gongo lake, akalitazama jeneza, kisha akayatazama mabati tuliyoziba nayo paa, na nilijua anapiga hesabu gani.

Ndiyo sababu, mwanangu, ulipokuja na habari ya kwenda Uingereza, ati kuna mfuko unaolipia vijana wajifunze kazi za mawe na mbao za zamani, sikupiga vigelegele. Niliuliza nani analipa. Niliuliza anataka nini. Nilidhani ni yule mama mzungu, au watoto wake, wanalivuta shamba kwa kamba ndefu na kamba ni wewe. Uliniapia kwamba uliomba mwenyewe kama wengine. Nikakubali kwa mdomo. Kesho yake nikakwambia naenda Bungoma kununua mbegu.

Sikununua mbegu. Nilienda kwenye saiba, duka la intaneti la binamu yangu Barasa, yule anayewasaidia watu maombi ya shule za nje na anawajua matapeli wote. Nikamwekea karatasi zako mezani. Barasa akacheka mpaka akavua miwani.

"Dada, karatasi hizi nimeshazikagua."

"Lini?"

"Binti yako alizileta mwenyewe. Alitaka nipige simu hadi kule, nihakikishe shule ipo, nihakikishe hakuna mtu anayemdai kitu nyuma yake. Tulipiga akiwa amekaa hapo ulipokaa. Halafu akaniambia, 'Mjomba, mama akija, usimwambie nilikuja. Atadhani na mimi naogopa.'"

Nilirudi Kitale nikiwa nimetulia kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi. Si kwa sababu shule ipo. Ni kwa sababu ulishuku, ukaenda ukauliza, ukajibiwa, kisha ukaenda kununua sanduku. Hapo ndipo sisi tulipokwama. Kushuku hakukutuvunjia nyumba. Tulishuku, tukauliza, tukajibiwa sawasawa na mtu aliyejua, na jibu tukalitupa kwa sababu lilikuwa dogo kuliko hamu yetu. Hata Kukhu aliponiambia mzee alipenda ngazi, alikuwa amenipa kila kitu alichokuwa nacho.

Sikuambii uwaamini watu wa huko. Soma unachotia sahihi. Chumba watakachokupa, kiangalie na mlango wake. Lakini mtu akikujibu na jibu likapimika, lipime, kisha uende kulala.

Sasa la leo mchana. Ulipoondoka tu, boda ikasimama nje, na aliyeshuka ni Simiyu, na gongo lake na viatu vipya kwenye mfuko, vyako, vya ngozi. Nilivitazama na ndani pia nikavitazama. Alikaa, akanywa chai, akakuulizia. Halafu akasema, "Shemeji. Ndugu yangu hayupo, wewe huna sababu ya kunificha. Alipata nini?"

Nikasema, "Twende ukaone."

Gongo halipandi ngazi, mwanangu. Alikaa kwenye kidato cha chini cha ile ngazi kubwa akapanda kinyumenyume, anajisukuma kwa mikono kidato kwa kidato, na hakutaka nimshike. Nilimwingiza chumbani kwetu nikasogeza kabati. Akatia kichwa kwenye shimo la baba yako. Akamulika kwa simu, juu, chini. "Hapa mbele kuna ukuta," akasema. "Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Kuna shimo lako."

Hakuridhika. Akajikokota hadi upande wake wa zamani, kupitia mlango ule ambao baba yako aliuvunja na hatujaurudisha. Nikamsikia anagonga. Kati ya njia zile mbili za moshi kumbe kulibaki unene wa tofali moja tu, na saruji yake imeoza kwa mvua. Tofali likasukumwa, likaanguka upande wangu na vumbi jeusi, na nyuma yake ukatokea mkono. Mweusi hadi kiwiko. Vidole vinapapasa, vinatafuta sakafu ya kile chumba ambacho hakipo.

Nikaushika.

"Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uko chumbani kwa Wafula?"

"Niko chumbani kwa Wafula."

Mkono ukatulia. Hakuuvuta. Sauti yake ikawa inatoka kwenye tundu na pia, nadhani, huko chini jikoni. "Aliniambia masizi," akasema. "Pale hospitali. Aliniambia masizi tu." Alilia sana, Nekesa, naye mzee vile. Sikuuachia mkono hadi alipomaliza.

Nilimpa maji na sabuni. Amesema kesho atakuja kukusindikiza hadi Eldoret uwanja wa ndege, na nimekubali. Boda ilipomchukua nilisimama nje hadi ikapotea. Kisha, na ninakwambia hili ili ujue unamwacha mama wa namna gani, nilipanda tena juu, nikapandisha mkono wa gauni, nikaingiza mkono wangu kwenye lile tundu hadi begani, nikapapasa kila upande.

Ni masizi, mwanangu. Nimenawa mara mbili lakini bado yametia alama kwenye karatasi hii, kama unavyoona.

Mimi mama yako,
Naliaka